Saa Mbili ya Mize na Saa Mbili za Shaame

Sogezeni viti, mlio tayari kuamini na mlio tayari kubisha. Hadithi hii haiwezi kumalizika bila ninyi, na waliomo ndani yake wanangoja mtakalosema.

Walikuwapo binamu watatu katika kisiwa cha Unguja, na kila mmoja wao alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Wa kwanza aliitwa Mize, naye alijua asumini. Alichuma tumba lililofumba kabisa, akaligusisha kwenye mdomo wake wa juu, akasema, "Hili litachanua Magharibi," au, "Hili ni la Isha, liacheni lilale." Na tumba likafanya hivyo hivyo, kama lililosikia.

Wa pili aliitwa Shaame, naye alijua anga. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za ndege. Ukimtajia viwanja viwili vya ndege, vyovyote, alikuuliza kwanza, "Kwa mstari ulionyooka, au kwa njia ya ndege?" Ukishachagua, alikupa umbali na muda wa kuruka bila kufungua kitabu wala simu.

Wa tatu aliitwa Kidawa, naye alijua watu. Siku moja aliingia dukani kurudisha kiatu kilichombana. Alitoka na jozi mpya, na kile kiatu kilichobana, na mwaliko wa chakula cha mchana.

Sasa tuvuke bara mpaka Ujiji, mjini Kigoma, alikokuwa akiishi Bi Zaituni binti Mrisho, hakimu mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo. Majirani walisema kwamba Bi Zaituni akiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani. Na mkono ukilowa, huuliza kama hakuna mtu anayemwaga maji juu ya paa. Mwanamke huyu ndiye aliyemlea Wahida, binti wa kaka yake, tangu mama wa mtoto, Raya, alipofariki dunia.

Raya alikuwa mtu wa Bumbwini, Unguja, shangazi wa wale binamu watatu. Alipoolewa aliletwa Ujiji kwa treni, na koja la asumini alilovishwa na mama yake lilifika limekauka, limegeuka rangi ya chai. Mti wa asumini aliouotesha usichanani mwake ulibaki Bumbwini, mlangoni kwa wazazi wake, na mpaka leo unachanua.

Wahida alipoposwa na harusi kukaribia, alisimama mbele ya wanawake waliokuja kumpaka hina, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani:

"Mimi sitoki mbele ya watu bila koja la asumini ya mama yangu, nayo iwe imechanua. Na atakayenifikishia, nitampa mtoto wangu wa kwanza jina lake."

Vigelegele vilipaa. Bi Zaituni peke yake hakupiga.

"Mwanangu," alisema, "umesema 'atakayenifikishia'. Huyo ni mtu mmoja. Wakiwa wengi?"

"Shangazi, leo ni siku ya vigelegele, si ya vifungu vya sheria."

"Sawa. Mimi nimeuliza tu, na hawa wote wamesikia nimeuliza."

Yaliyofuata kule Unguja Bi Zaituni hakuyaona kwa macho. Aliyajua baadaye kwa kuwahoji wahusika mmoja mmoja, tena mbalimbali, na akakubali yale tu waliyoafikiana mashahidi wawili. Kwa hiyo mnaweza kuyategemea.

Ilikubaliwa kwamba binamu wote watatu wasafiri pamoja siku ya harusi, na koja liwe ndani ya kikapu. Shaame alikata tiketi zote, akaziweka katika simu yake. Siku moja kabla ya safari, Mize alimpigia.

"Shaame, ndege ya Kigoma ni saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Una hakika?"

"Mize, siku nitakayokosea mimi saa, wewe utakosea asumini. Saa mbili barabara."

"Haya. Kesho basi."

"Kesho, inshallah."

Hapo simu ikakatwa, na hapo ndipo penye mzigo wote wa kesi hii. Lugha yetu tamu imeziweka saa ya kuondoka na saa za njiani katika neno moja. Mize aliuliza ndege itaondoka wakati gani, akasikia kwamba itaondoka saa mbili asubuhi. Shaame alidhani anaulizwa swali analoulizwa kila siku, yaani safari huchukua muda gani. Kutoka uwanja wa Unguja mpaka uwanja wa Kigoma ni kilomita elfu moja na kitu kwa mstari ulionyooka, na kwa ndege ile ni saa mbili hewani. Wakati wa kuondoka kwake ulikuwa saa nane mchana.

Mize aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Alisimama chini ya mti wa Raya, akachuma tumba moja moja, akiligusisha mdomoni. Yaliyokuwa ya Magharibi aliyaacha mtini. Yaliyokuwa ya kesho aliyaacha pia. Alichukua yale tu yatakayochanua baada ya Isha, wakati bi harusi atakapotolewa. Aliyalaza katika kikapu juu ya jani la mgomba lililolowa, akayafunika kwa jani jingine, akafunga kwa kanga. Kisha alimpitia Kidawa, wakaenda uwanjani.

"Dada zangu, ndege yenu ni saa nane," mhudumu aliwaambia.

"Tumeambiwa saa mbili," alisema Mize.

"Saa mbili ni za kukaa hewani."

"Tumeambiwa na mtu anayejua!"

"Basi anayejua amewaambia muda wa kukaa hewani."

Mize alimpigia Shaame simu. Ililia mpaka ikanyamaza, maana Shaame, akiwa na yakini na ratiba yake, alikuwa amelala fofofo. Mize aliketi kwenye benchi, kikapu magotini, akaanza kuhesabu joto la mchana na kujiuliza kama arudi Bumbwini akachume upya saa sita. Alikuwa ameshaamua kurudi, na ameshasimama, Kidawa alipomshika mkono.

"Ngoja. Wasikilize wale."

Upande wa pili wa ukumbi walikuwapo wasichana wa mpira wa pete kutoka shule moja ya Kigoma, waliokuja Unguja kushindana na sasa wanarudi na kikombe, kwa ndege ndogo waliyokodishiwa na wafadhili wao. Mwalimu wao, Domina, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuwa akiita majina. Aliita "Selestina" mara mbili, na mara mbili hakuna aliyeitika. Kidawa alikuwa ameshafika mbele yake.

"Mwalimu, hongera kwa kikombe."

"Ahsante, mama."

"Na pole kwa Selestina."

Mwalimu Domina akamtazama vizuri. "Selestina mzima. Nimesahau kwamba nimemruhusu abaki kwa mama yake mdogo."

"Alhamdulillahi. Basi nipe kiti chake."

"Hebu! Una kilo ngapi wewe?"

"Mwalimu, swali hilo hata mume wangu hajathubutu kuniuliza."

Wasichana waliangua kicheko. Mwalimu alijitahidi kukunja uso. "Na kikapu hicho kina nini?"

"Asumini ya bi harusi wa Ujiji, ya leo hii usiku."

"Mimi nikinusa maua napiga chafya mpaka machozi."

"Haya hayanuki bado. Yamelala. Na yakiamka, wewe utakuwa umeketi mbele ya sinia la biriani, kwa sababu wewe na timu yako nzima mmealikwa harusini."

"Timu nzima?"

"Na kikombe mje nacho."

Mwalimu alimuuliza rubani, rubani akawauliza wenye ndege, wenye ndege wakaridhia, na jina la Kidawa likaandikwa panapostahili. Bi Zaituni alihakikisha jambo hilo kwa Mwalimu mwenyewe, asije akakuta binamu wa Wahida amesafiri kinyume cha taratibu.

Lakini kiti kilikuwa kimoja. Mize alikaza fundo la kanga, akamkabidhi Kidawa kikapu kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Usifungue. Kisipate jua. Na usiruhusu mtu ainamie kunusa. Pumzi ya moto huamsha tumba kabla ya wakati wake." Kisha akarudi kwenye benchi kumngoja Shaame na ndege ya saa nane.

Ndege ile ndogo iliondoka saa mbili asubuhi na dakika chache. Wasichana wote walitaka kunusa. Mmoja aliomba aone tu, mwingine akaomba aguse kanga tu, wa tatu akajifanya ameangusha kalamu chini ya kikapu. Kidawa alianza kuwasimulia jinsi alivyoposwa na wanaume wawili siku moja, sebule moja, na hakumaliza mpaka magurudumu yalipogusa ardhi ya Kigoma. Hakuna mkono uliogusa kikapu, maana hakuna aliyetaka kukosa neno.

Ilipokaribia saa sita, Kidawa aliingia uani kwa Bi Zaituni. Fundo lilifunguliwa kwenye chumba cha baridi. Bi Zaituni aliinama, akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Matumba yalikuwa magumu, yamefumba, kama punje za mchele.

"Haya ndiyo maua?"

"Ndiyo, shangazi. Ni ya baada ya Isha."

"Nani kasema?"

"Mize."

"Alisema akiwa na hakika, au alisema kukutia moyo?"

"Shangazi, yasipochanua, mimi nitatolewa nje badala ya bi harusi."

Alasiri mvua ilishuka juu ya Ziwa Tanganyika, ikafunga mji mzima. Bi Zaituni alitoa mkono dirishani, na safari hii hakuuliza habari za paa. Kabla ya Magharibi ujumbe uliingia kutoka kwa Shaame: ndege ya saa nane ilikuwa imekaribia Kigoma, ikashindwa kutua, ikageuza, nao watalala Tabora. Bi Zaituni aliusoma mara mbili. Alielewa kwamba kama kikapu kingekuwa ndani ya ndege ile, Wahida angetoka bila koja, au asingetoka kabisa. Na alimjua vizuri mtoto aliyemlea, hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Wanawake walitunga matumba kwenye uzi. Baada ya swala ya Isha, Wahida alikuwa ameshapambwa, ameketi kitandani, na koja lilikuwa bado limefumba. Nje ngoma zilikuwa zikiita. Mtu mmoja alinong'ona kwamba avishwe hivyo hivyo. Wahida alitikisa kichwa. Bi Zaituni alilichukua koja mikononi, akaliangalia kwa jicho lile lile alilowahi kuwaangalia nalo mashahidi wasioeleweka.

Harufu ilimfikia kabla ya macho kuona lolote. Kisha tumba moja likaachia, likafuata la pili, na mara uzi mzima ukawa mweupe.

Ninyi mliowahi kusikia vigelegele, ongezeni juu yake filimbi ya Mwalimu Domina na wasichana kumi na watatu wanaopiga makofi ya ushindi, na chafya zake juu ya hayo yote. Katikati ya kelele hiyo, Wahida alisimama mlangoni, koja shingoni, akafumba macho.

"Shangazi, mama alinukia hivi siku yake?"

Bi Zaituni hakuwahi kutoa ushahidi wa uongo, na hakuanza usiku huo. "La," alisema. "Lake lilifika limekauka. Hili ndilo alilolitaka."

Wahida akatoka mbele ya watu.

Asubuhi iliyofuata, jua kali, Mize na Shaame walifika kwa ndege iliyotoka Tabora. Walipokelewa kwa kicheko tangu getini.

"Karibu, Shaame!" Kidawa alimwita. "Saa mbili zimekuwaje?"

"Hewani ni saa mbili! Sikusema habari za mvua."

"Hukusema habari za saa nane pia."

Chai ililetwa, na maandazi. Walipokwisha kunywa, Wahida, hina ikiwa bado imekoza mikononi, alimgeukia shangazi yake. "Niliahidi jina. Sasa nimpe nani? Wewe ndiye hakimu."

"Nilikuuliza siku ile."

"Ndiyo, uliniuliza. Sasa jibu wewe."

Bi Zaituni aliomba kila mmoja aseme, na asiingiliwe.

Mize alisema: "Koja la asumini yoyote tu lingefika limekufa au limefumba. Bi harusi hakuahidi jina kwa kikapu. Alisema iwe imechanua. Aliyejua lini itachanua ni mimi, na niliyasoma matumba yale gizani kwa mdomo wangu."

Kidawa alisema: "Matumba hayana mabawa. Mize alikuwa ameshasimama kurudi Bumbwini. Kiti nilikiona mimi, kikiwa ndani ya jina lisiloitikiwa, na nikakiomba mimi. Nililinda kikapu kwa ulimi wangu kutoka pwani mpaka ziwani. Ahadi ilisema 'atakayenifikishia'. Aliyefika ni nani?"

Shaame alisema, akikuna kichwa: "Mimi nililala. Sikatai. Lakini Mize na Kidawa walikuwa wanafanya nini uwanjani asubuhi? Walifikishwa na neno langu. Bila neno hilo Mize angechuma mchana, sote tungepanda ndege ya saa nane, na koja lingechanua Tabora, likawafurahisha wahudumu wa nyumba ya wageni."

Watu walicheka, wakidhani hoja ya Shaame ni mzaha. Bi Zaituni hakucheka. Alizipima hoja zote tatu, na kila alipoiweka moja juu ya mizani aliona upande wake wa chini.

Mize alikuwa na ujuzi usio na shaka. Lakini alichuma alfajiri kwa sababu alikosea kuelewa. Angeelewa sawasawa, ujuzi wake huo huo ungeishia Tabora. Je, ni haki kumpunguzia mtu kwa kosa lililoleta heri?

Kidawa alifika, na kufika ndilo neno la ahadi. Lakini kiti alikilipia kwa biriani ambayo si yake. Aliwaalika watu kumi na wanne kwenye harusi ya mwenzake bila kuuliza, na aliyelazimika kutafuta mchele wa ziada alikuwa Bi Zaituni mwenyewe. Tena alibeba kazi ya mwingine. Je, anayefikisha ni miguu, au ni aliyekijaza kikapu?

Na Shaame? Hakukusudia lolote. Lakini hakusema uongo hata kidogo: aliulizwa "saa ngapi", akajibu saa ngapi. Mize naye hakuuliza vibaya. Kosa lilizaliwa kati ya wawili waliosema kweli, kwa hiyo hata mwenye kosa hapatikani. Je, mtu hulipwa kwa jema alilolitenda akiwa amelala? Kama halipwi, mbona tungemlaumu vikali sana lau neno lake lingewachelewesha?

Mwalimu Domina, aliyekuja kuaga, aliinua kidole. "Na kiti kilikuwa cha nani?"

"Mwalimu, unadai jina?"

"Sidai jina. Nadai kilichobaki kwenye sufuria."

Alipewa, na dai lake likafungwa. Ndilo pekee lililofungwa siku hiyo.

Bi Zaituni aliahirisha shauri. Alisema anahitaji muda wa kutafakari, na kwa kuwa mtoto mwenyewe hajakuwapo, hakuna atakayeumia. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu wakati ule. Leo haina tena, maana Wahida ni mjamzito wa kukaribia kujifungua, na kila jioni simu ya Bi Zaituni inalia: mara ni Mize, anauliza kama shangazi amekula, mara ni Kidawa, anamsifia sauti yake, mara ni Shaame, anataka tu kumjulisha kwamba kati ya Unguja na Kigoma upepo ni mzuri.

Amejaribu njia za kuponea, na zote zimezibwa. Msimwambie wawe mapacha: kipimo kimeonyesha mtoto mmoja. Msimwambie apewe jina la marehemu Raya: Wahida ameshasema hilo ni la mtoto wa pili, na ahadi ya kwanza lazima itimizwe kwanza. Msimwambie angoje ajulikane wa kike au wa kiume: mtoto alikunja miguu mbele ya mtambo, na Shaame amekwisha kutangaza kwamba binti anaweza kabisa kuitwa Shaamia, nao Mize na Kidawa wamejibu kwamba hata mvulana atayazoea majina yao. Na msimwambie yaunganishwe majina matatu, maana Wahida amecheka mpaka akashika tumbo, akasema mtoto wake hatakuwa na jina refu kuliko safari.

Mkunga ameshaarifiwa. Hukumu haijaandikwa hata mstari mmoja, na mtoto hataahirishwa.

Basi, ninyi mliosikiliza mpaka hapa, mmesikia ushahidi wote na hakuna uliofichwa. Jina ni moja: la aliyejua ua litachanua lini, la aliyejua namna ya kuomba kiti, au la aliyesema "saa mbili" akaenda kulala. Je, wewe ungeamua vipi? Sema leo, tena useme na sababu, kwa kuwa Bi Zaituni hatakubali jibu lisilo na sababu.